Kinywa cha Mgeni na Mlango wa Uani

Mtu alapo nyumbani kwake hula bila ya kuuliza. Mpishi anajulikana, chungu kinajulikana, na aliyeyateka maji anajulikana kwa jina na kwa ukoo. Alapo hotelini hula kwa imani. Huketi mezani, akaletewa sahani iliyotoka nyuma ya pazia, na yaliyotendeka huko nyuma hakuyaona wala hatayaona. Ni imani kubwa kuliko watu wanavyokiri. Mtu asiyethubutu kumwachia mgeni baiskeli yake kwa muda wa saa moja humwachia mpishi asiyemjua tumbo lake, nalo tumbo halina kufuli wala risiti. Walio wengi hawalifikirii jambo hili, maana hula kila kiletwacho, na mla kila kitu hana la kudanganywa illa uchafu. Mwenye mwiko ndiye alifikiriaye kila siku.

Yuko mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mtu wa makamo, ambaye kila mwaka wakati wa mazoezi ya kufundisha hutumwa kuwakagua wanafunzi wake waliotawanywa katika shule za sekondari za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kazi hiyo humchukua majuma matatu. Hulala katika nyumba za wageni, na hula hotelini asubuhi, mchana na jioni. Mwalimu huyu hali nyama. Katika viumbe vyote vitembeavyo, virukavyo na viogeleavyo, hula samaki tu. Sababu zake ni zake, na kinywa cha mtu ni mali yake ya kwanza. Watu wa namna hii wamekuwa wengi duniani, na Wazungu wamewatungia jina refu lililotiwa ndani yake neno la kale la samaki. Kiswahili hakijawapa jina. Kusema "mla samaki" hakutoshi, kwa sababu kila mtu wa Kilwa na Lamu ni mla samaki. Jina hilo lasema kiingiacho kinywani, halisemi kilichofungiwa mlango.

Upungufu huu wa jina si jambo dogo kwa mtu mwenye njaa. "Binti yangu, mimi sili nyama," husema mwalimu. "Sawa, Mwalimu," hujibiwa kwa upole, "basi nikuletee kuku." Hakuna dharau katika jibu hilo, wala ujinga. Neno nyama likitajwa hotelini peke yake ni ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, huandikwa mstari wake katika ubao wa vyakula, na bei yake ni ya juu zaidi. Aliyekataa nyama akapewa kuku amepandishwa cheo. Akitaka kuuepa mtego huu kwa kuomba mboga, huangukia mtego wa pili. Pwani mboga ni majani; bara mboga ni kila kitu kinachoshushia ugali au ndizi, na nyama ndiyo mboga ya kwanza. "Mboga zipo za aina mbili, baba: ya ng'ombe na ya mbuzi." Hivyo mwalimu, ambaye husomesha maana za maneno kwa mshahara, katika hoteli za Omurushaka huzieleza maana hizo bure, tena akiwa hajala.

Walakini kuna jambo moja linalomrahisishia mambo Karagwe kuliko Dar es Salaam. Mjini, mtu akisema hali nyama huulizwa kama ni mgonjwa au ameingia dini mpya. Huku mama mwenye hoteli humwuliza, kwa sauti ya chini na ya adabu, kama ni mwiko wa kwao. Wanyambo, kama Wahaya jirani zao, huzitambua koo kwa miiko: kila ukoo una mnyama au kitu ambacho watu wake hawakili. Wahinda, waliotawala Karagwe kwa muda mrefu, mwiko wao ni tumbili. Kwa watu wenye desturi ya namna hiyo, mtu anayesukuma sahani pembeni haonyeshi kiburi, anashika alichoachiwa. Mwalimu hujibu kuwa si mwiko wa ukoo bali ni mwiko wake yeye mwenyewe, na mama huridhika kwa hilo kana kwamba ameambiwa jina la babu.

Ajabu ni kwamba nchi hii iliwahi kumwogopa mla samaki. Mwezi Novemba mwaka 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliingia Karagwe wakitoka upande wa Unyanyembe, pamoja na msafara wa wapagazi na askari wenye kusema Kiswahili. Mfalme alikuwa Rumanyika wa ukoo wa Wahinda, na fahari ya nchi ilikuwa ng'ombe wenye pembe ndefu. Wageni walipokewa kwa heshima kubwa, wakapewa vyakula. Lakini maziwa hawakuyapata hata tone, kwa ombi wala kwa malipo. Speke anasimulia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 kuwa alilipeleka shauri hilo mbele ya mfalme mwenyewe. Wafugaji waliamini kwamba mtu aliyekula nguruwe, samaki, kuku au maharagwe, kisha akayaonja maziwa, huwaangamiza ng'ombe walioyatoa. Neno la mwisho katika orodha hiyo Speke hakulifasiri. Aliliandika kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza chake, kwa tahajia yake, nalo likabaki humo mpaka leo kama punje ya haragwe katika mchele.

Jibu la Rumanyika lilikuwa fupi. Alisema kuwa hayo ni mawazo ya watu maskini tu. Na kwa kuwa sasa ameona ya kwamba wageni wake wana haja, atawatengea ng'ombe mmoja kwa ajili yao.

Jibu hilo lastahili kutafakariwa na kila mwenye hoteli. Maneno yake juu ya maskini yana majivuno ya kifalme, na hayo yaachwe. Tendo lake ndilo lenye busara. Hakuwalazimisha wafugaji wauze walichoogopa kuuza. Hakuwahutubia wageni juu ya mila za nchi, wala hakuwaambia wale walichopewa washukuru. Alitenga ng'ombe. Hofu ya wafugaji ikaheshimiwa, maana madhara, kama yapo, yangempata ng'ombe mmoja wa mfalme. Na wageni wakapata maziwa bila ya kuapa kwamba hawatakula tena samaki. Katika hoteli ya leo ng'ombe huyo ni sufuria ya pili, na mwalimu akiingia mahali papya hutafuta kujua kama mwenye mahali hapo angemtengea ng'ombe.

Orodha ile ya mwaka 1861 imegeuka kichwa chini. Ndizi na maharagwe ndicho chakula kisichokosekana katika hoteli yoyote ya Kayanga, na juu yake mtu huteremshia chai ya maziwa pasipo mfugaji hata mmoja kushtuka. Samaki wa kukaanga naye amekaribishwa. Hutoka mbali, kwa kuwa wilaya hizi mbili hazikugusa Ziwa Viktoria: sato na sangara hupanda kutoka upande wa Bukoba kwa gari na kwa pikipiki, ndani ya makasha ya barafu, hata Kyaka, penye daraja la Mto Kagera lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Hapo barabara ya Karagwe huachana na ile ya Mutukula. Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene, mwendo wa kilomita zipatazo 59, imefupisha safari ya samaki kama ilivyofupisha ya watu. Ukivuka Omurushaka kuelekea Nkwenda, Isingiro, Kaisho na Murongo, sato wabichi hupungua na dagaa hushika nchi, maana dagaa hawaogopi vumbi wala siku. Na sangara, ambaye watu humsifu kwa minofu yake, ni mgeni kuliko wageni wote: alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya 1960, akawala furu hata aina zao nyingi zikatoweka. Mla sangara hula mgeni aliyewala wenyeji. Mwalimu humwagiza hivyo hivyo, akiwa na njaa.

Shida yake kubwa si samaki, ni upawa. Jikoni masufuria hukaa bega kwa bega, na upawa mmoja huyahudumia yote. Utakuta mchuzi wa ng'ombe umeingia katika maharagwe ili kuyapa ladha, kisha mpishi husema, "Ni mchuzi tu, Mwalimu, nyama nimeitoa." Mama huyo hakusema uongo. Ameulizwa habari za nyama akajibu habari za nyama. Kama mchuzi ni nyama au si nyama, hilo ni swali la wanafalsafa, na wateja wengine kumi wanasubiri. Katika hoteli moja, ambayo jina lake halina faida, mwalimu aliuliza mara mbili kama maharagwe yamepikwa na kitu, akaambiwa hayakupikwa na kitu. Katikati ya sahani akakuta mfupa wa mbavu. Alipomwita kijana na kumwonyesha, kijana aliutazama kwa makini, akasema, "Huo ni mfupa, mzee. Nyama haipo." Meza nzima ilicheka, na mwalimu naye alicheka, kwa sababu maneno yale yalikuwa sahihi kabisa kwa sarufi.

Tena kuna senene. Wanapoanguka, mkoa mzima hupata furaha ya namna yake, na kila meza huletewa kisahani. Senene si nyama, si samaki, hana mbavu wala mchuzi. Hoja zote za kuwakubali zipo. Mwalimu huwaacha, na hajapata kuulizwa swali gumu zaidi ya lile la mzee mmoja wa Bugene aliyetaka kujua kama kamba wa baharini, anayeliwa na mwalimu kwa furaha, amemzidi senene nini illa maji.

Basi maadamu jikoni haruhusiwi kuingia, mwalimu hutafuta shahidi. Shahidi huyo yuko uani. Choo cha hoteli ndicho chumba pekee cha nyuma ya pazia ambacho mteja hupewa ruhusa ya kukiona. Aghalabu dumu linalojaza pipa la chooni ndilo linalojaza pipa la jikoni, sabuni hununuliwa kwa mkoba mmoja, na jicho linalopita kukagua huku ndilo linalopita kule. Ndoo ya chooni ikiwa tupu saa saba mchana, wakati hoteli imejaa watu, ni haki mtu kujiuliza sahani zinasuuzwa kwa kitu gani. Kwa hiyo mwalimu huenda uani kabla ya kuagiza chakula, si baada yake. Wahudumu wa Kayanga wanaomjua hudhani ana tumbo bovu, na humwonea huruma.

Kiswahili kimelizungushia jambo hili adabu nyingi. Mtu huenda uani, huenda msalani, huenda maliwatoni, huenda haja, hujisaidia, hujisetiri. Ni mara chache huenda chooni mbele ya watu wanaokula. Si ajabu, kwa sababu neno choo lina maana mbili, mahali na kile kiachwacho mahali, na kulitamka mezani ni kuyaleta yote mawili. Neno msala nalo katika kamusi ni choo na ni mkeka wa kusalia pia, jambo ambalo huwachekesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Adabu hii ya maneno ni nzuri. Lakini imekuwa pazia jingine. Kisichosemwa wazi hakidaiwi wazi. Mteja akiletewa chai baridi hugonga meza. Akikuta choo hakina maji hunyamaza, hulipa, huondoka, asirudi tena. Na mwenye hoteli hubaki akilaumu bei ya sukari.

Hata hivyo ni lazima mtu ahukumu kwa haki, na haki haiko katika marumaru. Ipo nyumba moja ya wageni yenye choo cha kukalia, vigae vyeupe hadi darini, kioo kikubwa, na bomba linalong'aa ambalo kwa siku tatu halikutoa hata pumzi. Chini yake ndoo, na ndani ya ndoo hakuna kata. Nyuma ya banda la mabati la mama mmoja anayewapikia wachuuzi wa soko kuna choo cha shimo. Sakafu yake ni ya saruji iliyosuguliwa, shimo lina mfuniko wa mbao wenye mpini, pembeni limewekwa kopo la majivu, mwanga huingia kwa juu, na nje ya mlango kibuyu chirizi kimetundikwa mtini na sabuni imefungwa kwa uzi ili isiibwe na kunguru. Mama huyo hununua maji kwa dumu, na mvua ikinyesha huyakinga chini ya bati. Kila tone la kibuyu chake limebebwa na mtu. Kumweka chini ya mwenye vigae kwa sababu ya vigae ni kumpima mtu kwa mkoba wake, na mwalimu hula kwa mama huyu kila apitapo, dagaa au maharagwe, bila ya kuuliza habari za upawa mara mbili.

Yeye mwenyewe choo hicho ndicho anachokitumia. Pengine hiyo ndiyo siri yote. Katika hoteli nyingi kubwa, mwenye mali ana choo chake chenye ufunguo, na cha wateja ni cha mtu mwingine asiyejulikana.

Juu ya komeo pana maneno zaidi. Mwaka mmoja mwalimu alikwenda kumkagua mwanafunzi wake wa kike katika shule moja ya Kyerwa. Binti alifundisha vizuri, lakini sauti yake ilikauka kabla ya nusu ya kipindi, na midomo ilikuwa imepasuka. Walipokwenda kunywa chai pamoja na walimu wengine, yeye alitafuna kipande cha chapati kavu, chai hakuigusa. Mwalimu alidhani ni haya ya mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Mwalimu mmoja mama, mtu mzima wa shule ile, ndiye aliyemweleza baadaye kando. Binti amepanga chumba kisicho na jiko, na hula hotelini kila siku. Choo cha hoteli hiyo kina mlango unaofungwa kwa ukanda wa mpira kutoka nje. Kwa ndani hakuna kitu. Mlango huo unaelekea benchi wanapokaa vijana wa bodaboda kusubiri abiria. Basi binti hanywi kitu tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Ameshapata majuma matano hivyo.

Mwanamume hujisetiri nyuma ya mgomba, akarudi mezani akamsifu samaki. Mwanamke huhesabu saa. Kwake swali la choo hutangulia swali la chakula, na hoteli isiyo na komeo imemwambia, pasipo kufungua kinywa, kwamba haikujengwa kwa ajili yake. Katika fomu ya ukaguzi kuna nafasi ya sauti, nafasi ya ubao, nafasi ya andalio la somo. Nafasi ya jambo hili haimo. Mwalimu alinunua komeo na misumari minne ya parafujo katika duka la vifaa vya ujenzi, akampelekea mwenye hoteli pamoja na shikamoo. Mzee yule aliligeuza komeo mkononi. "Kumbe!" akasema. "Miaka yote hii hakuna aliyesema." Lilipigwa jioni ile ile.

Serikali haikulinyamazia jambo la vyoo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kuzizunguka redio, katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, na waliposhuka kutoka kwenye majadiliano walishika majembe wakachimba mashimo. Miaka mingi baadaye ikaja kampeni nyingine yenye jina la kukata, Nyumba ni Choo. Kampeni hizo zilinena zaidi na mwenye kaya. Hoteli ni nyumba isiyo na kaya: wanaoitumia wanapita, na anayeisafisha mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliomo. Maradhi nayo yamefundisha kwa ukali. Korona mwaka 2020, kisha ugonjwa wa Marburg uliozuka Bukoba Vijijini mwezi Machi mwaka 2023, viliweka ndoo yenye koki na sabuni mbele ya kila mlango wa kulia chakula. Ndoo nyingi zingalipo mbele. Ya mbele huonwa na bwana afya. Ya nyuma huonwa na mwenye haja.

Lakini Karagwe ina somo jingine juu ya vyoo ambalo halijulikani vya kutosha hata vyuoni. Udongo wa huko una asili ya majivu ya volkano, nao ni mgumu wa kutoa fosforasi kwa mimea. Shirika la wakulima la MAVUNO, pamoja na wahandisi wa kujitolea na watafiti kutoka Ujerumani, walijaribu vyoo vikavu vinavyotenga mkojo na kinyesi. Kinyesi hupashwa moto katika tanuri la udongo mpaka vijidudu vife; kisha huchanganywa na makaa yaliyosagika, mabaki ya jikoni na majani, kikaoza pamoja na kuwa mboji. Matokeo ya jaribio la shambani yalichapishwa mwaka 2016. Mboji hiyo ilipunguza uchachu wa udongo, kipimo chake kikapanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na mahindi yalistawi hata uzito wa mimea juu ya ardhi ukazidi ule wa mahindi yasiyotiwa kitu kwa asilimia 211. Kwa maneno mengine, yale ambayo lugha huyaficha nyuma ya majina sita yalirudi mezani kama chakula, tena salama. Mkulima wa migomba hashangai sana akisimuliwa habari hii. Tangu zamani anajua ni mgomba upi unaozaa mkungu mnono: ule uliopandwa penye shimo lililofukiwa.

Mazungumzo ya namna hii mwalimu huyafanya hasa Nkwenda, kwa mama mmoja mjane ambaye hoteli yake iko kando ya barabara ya Murongo. Malori ya kwenda mpakani husimama hapo, na siku za gulio wanawake hushuka kutoka vilimani na ndizi na maharagwe yao. Mama huyo alipokwisha kupata zamu yake katika kikoba, alimwuliza mwalimu mbele ya wateja. "Mwalimu, wewe ndiwe unisumbuaye kwa samaki, na wewe ndiwe unisumbuaye kwa choo. Fedha ni hizi moja. Ninunue friji la samaki, au nijenge choo cha pili, cha wanawake?"

Madereva walitaka friji. Walisema kuwa sato mbichi Nkwenda angewavuta watu kutoka Isingiro. Mzee mmoja wa kahawa alisema choo hakiuzwi kwa sahani. Wanawake wawili waliokuwa wameketi karibu na mlango, na vikapu vyao miguuni, hawakusema neno, ila waliacha kula wakasikiliza.

Mwalimu alisema choo.

"Basi sato hutamla hapa," akasema mama.

"Nitakula dagaa."

"Na umeme ukikatika ningeoza pamoja na samaki wangu," mama akaongeza, kama mtu aliyekwisha kata shauri kabla ya kuuliza.

Mwaka uliofuata mwalimu alikuta milango miwili uani, mmoja wa buluu na mmoja wa kijani, yote ina makomeo kwa ndani, na kati yake pipa lenye koki. Mashimo yalikuwa ya kawaida, si yale ya kutenga. Mama alisema ameyaweka mbali kidogo na migomba kwa sasa, baadaye ataona. Jikoni, juu ya jiko la pembeni, palikuwa na sufuria ndogo iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye sikio lake, na upawa wake ndani yake. Benchi la karibu na mlango lilijaa wanawake wa gulioni wakinywa chai, wengine wakiomba kikombe cha pili. Mwalimu aliuliza kuna nini leo. Kijana wa bodaboda alikuwa ameleta sato kumi kutoka Kayanga asubuhi, wakakaangwa wote, nao walikwisha tangu saa nne.

"Dagaa wapo, baba," akasema mama. "Kaa."